Hotuba ya Bingwa wa Ilimu ya Kambi



Ilimu ninayowafunulia leo haifundishwi katika chuo chochote, na sababu yake ni bayana: mjuzi wake duniani ni mmoja, naye hajaalikwa bado. Ni ilimu ya kuwatazama watu asubuhi katika kambi ya nyumba za magurudumu, saa ambayo jua limekwisha kuchomoza ilhali heshima za watu hazijavaliwa.

Uwanja wa utafiti wangu ni Quartzsite, katika jangwa la Arizona, Marekani, mji ambao wakati wa joto huwa na wakazi wachache tu, lakini baridi ikiingia, mashaibu na maajuza wa majimbo ya kaskazini na wa Kanada, wakiikimbia theluji, humiminika huko kwa maelfu pamoja na nyumba zao, wakasimamisha jangwani mji wa pili usio na msingi hata mmoja. Majahili hudhani kwamba msafiri mgeni ni jambo jipya pale. Mimi huwapeleka makaburini, penye piramidi ya mawe yenye sanamu ya ngamia kileleni, alikozikwa mwaka 1902 Haji Ali, mchunga ngamia aliyetoka dola ya Uthmani mwaka 1856 kulitumikia jeshi la Marekani, ambaye wenyeji, kwa uzito wa ndimi zao, walimwita Hi Jolly. Huyo nimemtawaza, bila ya kumshauri mtu, kuwa sheikh wa kambi zote.

Watu wa kambi nimewagawa katika tabaka tatu. Ya kwanza ni Masultani, wenye magari ya ukubwa wa basi, ambayo kwa kubonyeza kitufe kuta zake husogea nje na sebule ikapanuka. Lakini mwendee Sultani asubuhi na mapema, utamkuta ameinama, glavu mikononi, akiunganisha mpira wa maji machafu ili alimwage tangi la choo. Kwani gari lile, pamoja na fahari yake yote na bei yake ya kutisha, halikuja na mtumishi.

Ya pili ni Wakokotaji, wavutao karavani, ambao hakika ya nafsi zao hudhihiri wanaporudi kinyumenyume. Bwana yuko kwenye usukani. Bibi yuko nyuma, akipunga mikono kwa ishara fasaha, mahali hasa ambapo kioo cha bwana hakifiki. Majirani hutoka na vikombe vyao vya kahawa wakashuhudia kwa staha. Ndoa iliyosalimika hapo haina haja tena ya kadhi.

Ya tatu ni Wenye Mbwa. Mbwa wao, aghalabu mdogo kuliko paka wa Forodhani, ni balozi mwenye idhini ya kuingia kila baraza; na nimethibitisha kwamba jirani hulijua jina la mbwa msimu baada ya msimu, asilijue la mwenyewe.

Fauka ya hayo, kila mmoja hutandika mkeka mbele ya mlango wake na kuufagia kila asubuhi, akilirudishia jangwa mchanga wake. Na ole wake apitaye katikati ya uwanja wa mwenziwe, ingawa hapana ukuta, wala ua, wala kamba.

Sasa sikilizeni kanuni yangu kuu. Jangwa ni pana, nao wangeweza kukaa mbalimbali; lakini hujipanga ubavu kwa ubavu, hata kikohozi cha mmoja humwamsha wa pili. Hata msafara wa karavani ulioongozwa mwaka 1959 na Wally Byam, mwasisi wa kampuni ya karavani ya Airstream, kutoka Cape Town kuelekea Cairo, ulikuwa wa watu walioiacha mitaa yao, wakaivuka Afrika kwa mtaa mwingine wa magurudumu. Mwanadamu, basi, hamkimbii jirani. Humkimbia jirani aliyekwisha kumzoea, akamtafute mpya wa kumchungulia.

Wapo mahasidi wasemao kwamba hii si ilimu, bali ni umbea. Nawajibu kwa hoja isiyojibika: umbea husemwa kwa kunong'ona, nami nimepanda jukwaani. Makofi yanaruhusiwa.