Kimepinda, Hakijafa: Mambo Saba kwa Anayeanza Kuchokonoa Kufuli

Umenunua seti ya vichokonoo, umekaa na kufuli yako ya shaba ya kujifunzia, na kabla chai haijapoa chuma kimoja kimeshabadili kibla. Pole, na karibu. Wanaouchukulia uchokonoaji kama mchezo, wenye chama chao Ujerumani tangu 1997, wana masharti mawili: usichokonoe kufuli isiyo yako, wala inayolinda kitu. La kwanza ni kwa ajili ya jirani. La pili ni kwa ajili yako, maana chuma kikikatikia kwenye kitasa cha mlango wa mbele, utalala barazani na paka.

Tuhesabu tukishuka.

7. Hakikisha kwanza kwamba kimepinda

Kichokonoo ni chuma cha springi, unene wake mara nyingi kati ya milimita 0.4 na 0.6. Kunesa ni sehemu ya kazi yake. Kikinesa ndani ya kufuli kikatoka kimenyooka, huna mgonjwa. Kilaze juu ya kioo, kitazame kwa ubavu. Ukiona mwanga unapenya chini yake, mgonjwa unaye. Kama ulikilaza mkekani ukakitangaza kimepinda, mkeka ndio uliopinda.

6. Kinyooshe kikiwa baridi, na uhesabu

Chukua koleo mbili, vitambaa kwenye meno yake, haraka weka kabatini. Kipitishe kidogo upande wa pili wa mstari, kwa sababu chuma hiki hujirudi ukikiachia. Ukiishia kwenye mnyoofu kamili, kitarejea kwenye upinde wake. Samaki mkunje angali mbichi, sawa, ila huyu ameshakaushwa. Kila akikunjwa na kukunjuliwa mahali pamoja, chuma kinachoka, na nyufa usizoziona zinaanza kutambaa. Mara ya kwanza ni matibabu. Ya pili ni huruma. Ya tatu atakatikia ndani ya tundu la ufunguo, na hapo utaihitaji namba 3 mapema kuliko nilivyopanga.

5. Zima hilo jiko

Kila ukoo una mjomba atakayekuambia: “Kichome kidogo, kilainike, ukinyooshe.” Shikamoo mjomba, lakini hapana. Kweli kitalainika, na kitabaki laini hivyo hivyo.

Ugumu wa springi umewekwa kiwandani kwa kipimo. Chuma cha kaboni kilichosuguliwa kikipashwa moto hubadili rangi mbele ya macho yako: karibu nyuzi 230 za Selsiasi kinakuwa manjano hafifu, karibu 300 kinakuwa buluu ya kupendeza sana. Usiipigie makofi. Kadiri rangi inavyosogea ndivyo ugumu unavyopungua, na buluu ikishapita ikaingia kijivu, umebaki na waya wa kufungia nondo. Chuma kisichoshika kutu cha aina ya 301 ndicho chenye kisirani zaidi. Ugumu wake ulipatikana kwa kubanwa kati ya roli kikiwa baridi, kwa hiyo ukiuondoa kwa moto, hata ukikitosa majini mara mia haurudi. Aina ya 420 hurudishika, kwa mwenye tanuri na maarifa. Mjomba ana jiko la mkaa na msimamo.

Ukitumia grainda kukichonga, weka bakuli la maji pembeni na ukishike kwa vidole vitupu. Kikianza kukuchoma, kichovye. Vidole ni kipimajoto cha bure.

4. Msasa, kisha tone la mafuta

Kikishanyooka, pitisha msasa namba 400, kisha 600, na 1000 ukitaka umaridadi. Hili si pambo. Kovu la koleo hukwaruza pini za ndani ya kufuli likakudanganya: unasikia “tik”, unadhani pini imejipanga, kumbe ni chuma chako kinajikwaa. Walio Mombasa, Tanga na Unguja waongeze mafuta ya cherehani, kwa kuwa chumvi ya hewani inakipenda chuma cha kaboni kuliko unavyokipenda wewe. Mafuta ya kupikia yabaki jikoni. Kufuli haikaangwi.

3. Kibadilishie kazi

Hapa ndipo penye raha. Kichokonoo kilichokatika ncha bado kina mwili mzima, na mwili huo unageuka kikazio, kile kichuma chenye umbo la L kinachokaa mdomoni mwa tundu na kuigeuza silinda wakati pini zinanyanyuliwa. Kibane kwenye jiliwa, ukikunje polepole, kona iwe ya mviringo. Kona kali ni ufa unaosubiri siku yake.

Kichokonoo cha ndoano ndefu kilichopinda shingoni, kikate na ukichonge kwa tupa kiwe ndoano fupi. Ukweli ni kwamba ndoano fupi inatosha kwa kufuli nyingi za dukani, kwa hiyo ajali imekupandisha cheo. Kile chembamba kupita vyote kichonge meno mawili matatu yanayotazama nyuma: ni chombo cha kutolea ufunguo uliokatika. Unakipitisha kando ya kipande, meno yanashika mikato ya ufunguo, unavuta. Hiki hata mwenye nyumba wako atakisifu, na huwa hasifu.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani huokota barabarani nyuzi za chuma zinazong’oka kwenye brashi za magari ya kufagia, wakazichonga vikazio. Kwetu barabara inafagiwa na mama mwenye fagio la chelewa, kwa hiyo nenda gereji. Waipa zilizotupwa mara nyingi zina vipande viwili vyembamba vya chuma pembeni mwa ule mpira, vimenyooka, vinanesa, na fundi atakupa bure huku akikutazama kwa mashaka. Msumeno wa chuma uliokwisha meno nao una nyama nzuri ya kuchonga vichokonoo vipya. Anayekuambia ununue seti ya vipande 30 mkumbushe kuwa mchagua jembe si mkulima. Katika hivyo 30, kumi na kitu hutajua hata vinashikwaje.

2. Usitembee navyo ovyo

Kanuni za Adhabu za Kenya na Tanzania zote zina kifungu kinachomhusu anayekutwa na vyombo vya kuvunjia nyumba bila sababu halali. “Afande, hivi nimevitengeneza kwa waipa” si sababu halali. Ni maelezo ya ziada.

1. Kamata mhalifu mwenyewe: mkono wa kikazio

Kichokonoo kimepinda, lakini aliyekipinda ni mkono mwingine. Matundu ya pini hayatobolewi yakalingana kabisa, ndiyo maana ukiigeuza silinda kwa wepesi, pini inabanwa moja kabla ya nyingine, na unazinyanyua kwa zamu. Ukikaza kwa hasira, zinabanwa kadhaa kwa pamoja, hazipandi, nawe unaanza kuzing’oa kama mizizi ya muhogo. Chuma cha nusu milimita hakina jinsi, kinapinda. Dawa: legeza mpaka pini zote zicheze, kisha ongeza kidogo kidogo mpaka moja tu igome. Hiyo ndiyo unayoitafuta. Ukiona kichokonoo kinajikunja, acha kunyanyua, urudi kulegeza kikazio.

Na usiwe na haraka. Mwaka 1851, wakati wa Maonesho Makuu ya London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs aliikabili kufuli ya kampuni ya Bramah iliyokuwa ikiwatambia watu dirishani mwa duka pale Piccadilly tangu 1790, pamoja na ahadi ya gini 200 kwa atakayeifungua. Ilimchukua saa 51 zilizogawanyika katika siku 16. Hobbs alilipwa gini zake. Wewe utalipwa kwa kufungua kufuli ambayo ufunguo wake uko mfukoni mwako.