Fisi Aomba Zamu

Asali ya kijiji ilitoweka ghalani usiku wa kuamkia karamu. Kulipokucha hakuna aliyeuliza lolote, kwa maana jibu lilikuwepo miaka mingi kabla ya kosa: Fisi. Kuku akipotea, Fisi. Kisima kikikauka, Fisi. Nyani, mkuu wa kijiji, akaita baraza chini ya mbuyu na kutangaza kwamba mwizi atafukuzwa.

Kobe akaomba siku moja. "Mzee Nyani, hukumu haiozi. Leo usiku tucheze kwanza."

Kasuku, aliyezunguka dunia juu ya milingoti ya meli, alikuwa amerudi na sanduku la mchezo uitwao Cluedo. Ulibuniwa Birmingham, Uingereza, akawaeleza, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Aliyeubuni ni mwanamuziki Anthony Pratt, na mkewe Elva ndiye aliyeuchorea ubao. Pratt aliomba hataza mwaka 1944, lakini baada ya vita vifaa vilikuwa adimu, hata mchezo ukaingia madukani mwaka 1949.

Wakaketi kuuzunguka ubao. Mtu ameuawa katika jumba la kitajiri. Washukiwa ni 6, silaha 6, vyumba 9. Kadi moja ya kila fungu ikafichwa ndani ya bahasha, na 18 zilizobaki zikagawanywa kwa wachezaji.

"Majibu yanayowezekana ni 324," akasema Kasuku, "na la kweli ni moja."

"Mimi mwizi namjua kwa uso," akajibu Nyani.

Mwenye zamu hurusha dadu, huingia chumbani, kisha humtaja mshukiwa, silaha na chumba hicho. Jirani wa kushoto akiwa na kadi mojawapo, sharti amwonyeshe muulizaji peke yake. Akiwa hana, swali humwendea anayefuata. Kobe aliandika kila alichoonyeshwa, akaandika pia kila jirani aliposema hana, kwa kuwa "sina" nayo ni habari. Nyani hakuandika kitu. Katika zamu yake ya tatu akasimama: "Kanali Mustard, kwa kamba, jikoni!" Akachungulia bahasha, akanywea.

"Umetoka," Kasuku akamwambia. "Huruhusiwi tena kuuliza. Lakini keti, maana ukiulizwa utaonyesha kadi zako kama wengine."

"Mkuu wa kijiji akae kujibu tu?"

"Ndiyo sheria, mzee wangu. Ukiondoka na kadi zako, sisi tuliobaki hatutaujua ukweli."

Usiku wa manane Kobe akataja jibu lake, na bahasha ikathibitisha. Muuaji alikuwa Profesa Plum, kete ile ile ambayo Kobe mwenyewe aliisogeza tangu mwanzo. Wanyama wakaduwaa.

"Humu ndani," akasema Kasuku, "hata anayechunguza huchunguzwa."

Asubuhi baraza likakaa upya. Kobe akachora ghala mchangani: mlango, dirisha, mahali mitungi ilipokuwa. Kila mmoja akaulizwa kwa zamu alichokiona na alikokuwa. Fisi alikuwa amelala ng'ambo ya mto. Kiboko aliyekutana naye huko akathibitisha. Zamu ikamfikia Ngedere, mtunza ghala, ambaye hakuwa ameulizwa na mtu.

"Mitungi niliitoa mimi," akasema. "Mzee Nyani aliniagiza niwakirimu wageni wake."

Nyani akainamisha kichwa. Alikuwa ametoa amri, akaisahau, kisha akalitafutia mwizi kosa lake mwenyewe.

Baraza likapitisha sheria: atakayemtuhumu mwenzake bila ushahidi atapoteza haki ya kutuhumu, lakini wajibu wa kujibu utabaki shingoni mwake. Ndipo Fisi, aliyejibu maswali maisha yake yote, akaomba zamu ya kuuliza. Akapewa.

Nyumba yenye mchezo wa namna hii mezani ina shule. Humo mtoto hujifunza kwamba kudhani ni mwanzo wa kazi, kwamba aliyeshika sehemu ya ukweli hana ruhusa ya kuificha anapoulizwa, na kwamba orodha ya washukiwa isiyo na jina la anayeiandika haijakamilika.