Kumshitaki Konda kwa Tajiri Wake

Sare ni tangazo kwamba aliyeivaa ana mwenyewe. Mtu mwenye shati lake la kawaida akimtolea mwenzake maneno machafu sokoni, wawili hao watajibizana mpaka mate yawakauke, na habari itaishia pale pale. Akiyatoa mwenye sare, mambo hubadilika. Aliyetukanwa humtazama kifuani, akatafuta jina au nembo, kisha akatamka neno ambalo watu wa mjini wamelizoea: "Utanitambua!" Maana yake ni kwamba yupo mtu mahali fulani, amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, ambaye akipigiwa simu moja tu sare hiyo itavuliwa kabla ya magharibi. Swali la kama simu ipigwe au isipigwe linawahusu walinzi, wauguzi, makarani wa dirishani na wengine wengi. Lakini hakuna linapoulizwa kwa hasira, na kujibiwa ovyo, kama ndani ya daladala za Dar es Salaam.

Sare ya konda haikushonwa ili kumfundisha adabu. Masharti ya leseni yanayosimamiwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, yanawataka dereva na konda wavae sare ili abiria amjue mhudumu halali na asimkabidhi nauli mpiga debe. Nchini Kenya jambo hilo lilikuja kwa kishindo: kanuni za mwaka 2003, zilizobandikwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, zilianza kutumika Februari 2004, zikamvisha dereva wa matatu bluu na konda damu ya mzee, pamoja na kuleta mikanda ya viti na vidhibiti mwendo. Kidhibiti mwendo cha ulimi hakikuwamo. Huku Dar es Salaam shati la konda huvaliwa juu ya jezi ya Simba au Yanga, vifungo wazi, na hufungwa kwa haraka ya ajabu pale trafiki anapochomoza mbele.

Kabla ya kushitaki inabidi kosa lijulikane, na hapo ndipo wengi hukwama. "Sogea nyuma, nyuma kweupe!" si tusi. Ni uongo, kwa kuwa nyuma watu wamebanana kiasi kwamba mwenye kupiga chafya huomba radhi kwa watu sita. Kugongagonga sarafu sikioni mwa abiria anayejifanya amelala nako si ufidhuli. Ni namna ya kudai nauli bila kupoteza pumzi. "Kama hutaki kubanwa, nunua gari lako" ni kejeli, tena kuukuu, imezidi umri wa makonda wengi wanaoitumia. Anapofika kwenye "Mama, kwa mwili huo lipia siti mbili," hapo mpaka umevukwa, na hata wanaocheka hucheka wakitazama dirishani.

Lipo kosa kubwa kuliko yote hayo, na ndilo lisiloshitakiwa. Nauli ya mwanafunzi hupangwa chini ya ile ya mtu mzima, na konda humhesabu kila denti kama siti iliyopotea. Saa kumi na mbili asubuhi mlango hufunguka kwa mama mwenye ndoo, hufunguka kwa fundi mwenye msumeno, hujifunga kwa mtoto mwenye daftari. Huo si ukosefu wa adabu tu, ni kuvunja masharti ya leseni. Lakini aliyetendewa hana simu, hana salio, na akichelewa shuleni atakayeulizwa ni yeye. Wenye simu wako ndani ya gari, wanafurahi kwamba limeondoka.

Mambo huzidi kutatanika utani unapoingia. Wangoni na Wahehe walipigana vita katika karne ya 19 na kilichobaki baada ya mikuki ni haki ya kusemana bila mtu kununa. Wazaramo na Wanyamwezi nao wanao utani wao, unaohusishwa na njia za misafara kati ya bara na pwani. Basi abiria aliyevimba kwa hasira huuliza, "Wewe kabila gani?" akikusudia kufungua jalada la mashitaka. Konda akijibu na ikabainika kuwa ni mtani, kesi imekufa palepale, maana mtani hashitakiwi. Tena abiria akiwa na bahati mbaya ataambiwa na gari zima kwamba aliyeanza kununa ndiye aliyekosa, na konda ataongeza jambo kuhusu mazishi ya babu yake.

Tuseme utani haupo, kosa lipo, na aliyekosewa ameamua. Swali linalofuata ni dogo na halina jibu: mwajiri wa konda ni nani? Mwenye gari huitwa tajiri. Tajiri humkabidhi dereva gari, na dereva humpelekea hesabu kila siku, kiasi walichokubaliana, hata mvua inyeshe na asiwepo abiria wa kubahatisha. Konda huchukuliwa na dereva, si na tajiri. Akichoka, akiugua au akienda msibani, nafasi yake hushikwa na deiwaka, kijana aliyekuwa amesimama kituoni, ambaye hulipwa kwa trip na hushuka bila kuaga. Deiwaka hana shati. Huvishwa lile lile, likiwa bado na joto la mwenzake, na jasho lake pia. Hivyo konda aliyemtukana mtu asubuhi si yule atakayetafutwa jioni, ingawa shati ni moja. Ukichunguza kwa makini, mfanyakazi wa kudumu katika gari hilo ni shati.

Tajiri mwenyewe huwashangaza wanaombahatisha. Jina lake humfanya msikiaji awaze tumbo na miwani ya jua. Mara nyingi ni mwalimu wa shule au muuguzi aliyechukua mkopo, akanunua gari lililokwishatembea nusu ya dunia, na sasa kila jioni hupokea nusu ya hesabu pamoja na hadithi: pancha, trafiki, mpira wa breki. Akipigiwa simu na abiria kuelezwa kwamba konda wake ana mdomo, hushusha pumzi kwa faraja ya mtu aliyepata mwenzake wa kulia naye. Yeye ametukanwa zaidi. Kisha huuliza kama gari lilikuwa limejaa.

Njia rasmi ipo, na ni nzuri kwa mtu mwenye kumbukumbu. LATRA ina namba ya simu ya bure, na lipo baraza la ushauri la watumiaji wa usafiri ardhini linalosikiliza malalamiko. Mpokea simu atataka namba ya gari, njia, saa na tukio. Tukio abiria analo, tena kwa urefu, njia anaijua, saa anaikadiria. Namba ya gari ndiyo mtihani. Aliye ndani ya gari haioni, na akishashuka konda hupiga bodi makofi mawili, dereva akaondoka, moshi ukafunika kibao. Kinachosalia akilini ni kwamba kibao kilikuwa cheupe, kama vya magari yote ya biashara, na ubavuni kulikuwa na mstari wa rangi ya njia hiyo, ambao magari yote ya njia hiyo yanao. Anachokikumbuka barabara ni maandishi ya kioo cha nyuma. Humweleza mpokea simu, kwa sauti ya mtu mwenye ushahidi, kwamba gari linaitwa Dua la Mama. Tiketi nayo hana, kwa kuwa daladala nyingi hazimpi mtu tiketi, na hivyo hawezi hata kuthibitisha kwamba siku hiyo alitoka nyumbani.

Kwa mlinzi wa getini hali ni tofauti kidogo tu. Sare yake ni ya kampuni ya ulinzi, lakini geti ni la benki au duka, na mlalamikaji humfuata meneja wa jengo, ambaye kisheria si mwajiri. Meneja hupiga simu, kampuni humhamishia mlinzi kwenye lindo lingine, na ufidhuli wake huanza maisha mapya upande wa pili wa mji. Hospitalini na kwenye ofisi za umma kuna sanduku la maoni lenye kufuli; ufunguo huwa na ofisi ile ile inayolalamikiwa, na kalamu ilikwisha kuazimwa. Si kwamba nchi haikulifikiria jambo hili. Tanzania ilianzisha Tume ya Kudumu ya Uchunguzi mwaka 1966, ya kwanza ya aina yake Afrika, ili mwananchi apate pa kumshitakia kiongozi anayetumia vibaya madaraka, na leo kazi hiyo iko mikononi mwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Konda ana madaraka makubwa kuliko viongozi wengi, lakini ni ya mlangoni tu, na tume haikuundwa kwa ajili ya milango.

Adhabu nazo zimegawiwa kwa namna ya kustaajabisha. Mfanyakazi mwenye mkataba nchini Tanzania analindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na kanuni za mwaka 2007 zinataka apewe angalau saa 48 za kujiandaa kabla ya kikao cha nidhamu. Kosa la kwanza kwa kawaida huishia kwenye onyo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 44, imetaja lugha ya matusi miongoni mwa sababu za kufukuzwa papo hapo, ila matusi yaliyotajwa ni yale anayotolewa mwajiri au msimamizi. Mteja hakutajwa hapo. Deiwaka hana mkataba wala onyo wala saa 48. Dereva akiudhika humshusha kituo kinachofuata, shati likarudi kwenye kiti, na mchana huo kijana hali. Kwa hiyo simu ya abiria humgusa polepole sana aliye na cheo na kufuli, na humwangukia mara moja yule ambaye hata shati si lake. Hapa ndipo mtu mwenye hasira ya haki angepaswa kutulia dakika mbili, na kuitunza simu yake kwa ajili ya mtoto mwenye daftari.

Wengi hutulia, ila kwa sababu nyingine: chenji. Neno daladala lenyewe linasemekana limetokana na dala, shilingi tano za zamani, na mpaka leo fedha ndiyo lugha ya gari hilo. Aliyetoa noti ya elfu kumi asubuhi huwa mpole kama kondoo hadi kituo cha mwisho. Asiyedai chenji ndiye huanzisha mashitaka, na hayafiki LATRA wala kwa tajiri, kwa sababu husikilizwa humo humo. Mzee wa siti ya mbele hufungua kikao kwa kumuuliza konda kama huko kwao hana mama. Mwenye ndoo ya samaki hutoa ushahidi wa tukio la juzi, katika gari jingine. Kijana mwenye vidubwasha masikioni hutoa kimoja, ishara kwamba suala ni zito. Konda huning'inia mlangoni, nusu ya mwili nje, akijitetea kwa jua na foleni. Hukumu hutoka kabla ya mataa: "Nisamehe, mama yangu." Mama hujibu kwamba yeye si mama yake, kisha humwuliza amekula.

Kinyume cha haya yote hutokea pia. Yupo konda anayemshika bibi mkono, akamzuia dereva mpaka miguu yote miwili ifike chini, na akamrudishia chenji bila kuombwa. Abiria aliyeguswa na jambo hilo huweza kupiga ile ile namba ya bure. Mpokea simu huuliza tatizo ni nini. Huambiwa hakuna tatizo. Huuliza basi mteja analalamikia nini, na baada ya kimya kirefu huomba namba ya gari ili ajaze fomu. Safari hii abiria anaikumbuka yote, hadi herufi ya mwisho.