Wote Tumekuwa 2.56E+11

Kikundi chetu cha kufa na kuzikana kilipotaka kujisajili, katibu aliambiwa apeleke orodha: jina, simu, namba ya NIDA na kiingilio. Kijana anaijua kompyuta, hatubishi. Akajaza, akazibana safu zote zienee kwenye karatasi moja, akachapa na kutugawia.

Kwenye safu ya simu kila mwanachama alikuwa 2.56E+11. Programu ya majedwali ikikosa nafasi huikunja namba ndefu kwa vipeo: 2.56 mara kumi kwa kipeo cha 11. Na kwa kuwa simu zetu za mkononi, baada ya 255, huanza na 6 au 7, zote hukadiriwa 2.56. Mtu na mkewe wasiosemeshana tangu Pasaka wakajikuta na namba moja.

Mzee wetu mmoja, mkaguzi wa kujiteua, alidhani hizo ndizo fedha. Kuambiwa ni bilioni 256, akavua miwani na kuuliza ziko benki gani. Mwalimu mstaafu wa hesabu naye alishasubiri siku kama hii maisha yake yote. Akageuza karatasi: kiingilio ni shilingi 50,000, yaani 5 mara kumi kwa kipeo cha 4. Ukigawanya, vipeo hutoana. 11 toa 4, inabaki 7. 2.56 kwa 5 ni 0.512. Wanachama milioni 5.12! Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 5.38 mkoa mzima wa Dar es Salaam. Tungeandikisha mpaka vichanga.

Msiba wenyewe ulikuwa kwenye NIDA. Namba ile ina tarakimu 20, mwaka wa kuzaliwa ukitangulia. Programu hutunza 15, zilizobaki huzifanya sifuri, na hata ukiitanua safu hazirudi. Waliozaliwa 1985 hadi 1994 wote wakawa 1.99E+19. Dada mmoja wa 1985 aliomba iachwe hivyo hivyo.

Wataalamu wa jeni nao yaliwakuta. Utambulisho 2310009E13 uligeuzwa 2.31E+19, maana 2310009 ni 2.31 mara kumi kwa kipeo cha 6, na hiyo 6 hujumlishwa na 13 iliyo baada ya E. Hesabu haina kosa, ila jeni haijulikani ilipo.

Dawa ni kutanguliza ritifaa, ile ya ng'ombe, namba isomwe kama maandishi. Katibu akaibandika kila mahali, viingilio vikiwemo. Maandishi hayajumlishwi, basi chini kabisa, kwenye jumla ya fedha, pakatokea 0. Mweka hazina akaombwa afungue daftari lake.