Ile Hela Tuma kwenye Namba Hii

Mwaka 2005, katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, Tuzo ya Ig Nobel ya Fasihi ilikwenda kwa matapeli wa barua pepe wa Nigeria. Hizi ni tuzo za utani, zinazokusudia kumchekesha mtu kwanza, akishamaliza kucheka ndipo afikiri. Matapeli hao walisifiwa kwa kuwapatia wasomaji wengi duniani hadithi fupi zenye wahusika matajiri, wakiwamo Jenerali Sani Abacha na mjane wake. Abacha alifariki Juni 1998, lakini kwenye barua pepe familia yake iliendelea kuhangaika miaka na miaka, ikimtafuta mtu mwaminifu wa kuhifadhi mamilioni ya dola.

Mimi nami niliwahi kuandikiwa na mjane wa aina hiyo. Nilimwonea huruma kweli. Mwanamke ana fedha za kununua mkoa mzima, lakini hana ndugu, hana mchungaji, wala wakili wa kumwamini. Ameizunguka dunia yote akaniona mimi, mtu ambaye Mangi wa dukani hanikopeshi hata robo ya sukari.

Ukisoma barua zile unajiuliza nani anaweza kudanganyika. Mwaka 2012, Cormac Herley, mtafiti wa Microsoft, alilichukua swali hilo kwa uzito: kwa nini tapeli wa Nigeria anasema wazi kwamba yuko Nigeria, wakati kila mtu ameshazisikia habari hizo? Jibu lake ni kwamba ujinga ule ni wa makusudi. Kutuma barua milioni moja ni karibu bure, lakini kila anayejibu anahitaji kubembelezwa kwa wiki kadhaa. Barua ya kipuuzi inafanya kazi ya chekeche: wajanja wanapita wakicheka, anabaki yule atakayeamini mpaka mwisho. Kwa hiyo ukiifuta barua ya mjane huku ukijisifu kwa akili zako, ujue tapeli naye amefurahi. Umempunguzia kazi.

Matapeli wa kwetu Tanzania hawana muda wa riwaya. Tangu huduma za kutuma pesa kwa simu zianze, Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, fani imekuwa fupi kuliko methali. “Ile hela tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina shida.” Basi. Hakuna jenerali wala dola, hata salamu hakuna. Mwandishi hajasema yeye ni nani, wewe ni nani, hela gani, kiasi gani. Yote hayo amekuachia wewe uyajaze.

Na tunayajaza, kwa sababu nchi hii hakuna mtu asiye na “ile hela”. Huyu ana kodi ya nyumba, yule ana ada, mwingine ana mchango wa harusi alioahidi mbele ya kamati akiwa ameshiba pilau. Ujumbe mmoja ukitumwa kwa watu elfu moja mwisho wa mwezi, haukosi kumkuta mtu aliyeshika simu tayari, kidole hewani, akitafuta namba ya mwenye nyumba. Huyo si mjinga hata kidogo. Alikuwa mlipaji mzuri, akakutwa njiani.

Wapo pia wenye vipaji vingine. Yupo mganga anayetoa utajiri bila masharti wala kafara, isipokuwa yeye mwenyewe hana vocha. Yupo wakala wa Freemason anayekualika kwenye chama cha siri kwa ujumbe wa simu uliotumwa kwa wilaya nzima. Yupo aliyekosea kutuma pesa, analia umrudishie, na ukiangalia salio hakuna hata senti iliyoingia. Na yupo mwalimu wa zamu.

Huyu wa mwisho alimpata shangazi yangu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, Jumapili moja baada ya chakula. Akaweka spika ili na sisi tusikie.

“Shikamoo mzazi. Mimi ni mwalimu wa zamu hapa shuleni. Mwanao ameanguka ghafla, tumemkimbiza hospitali. Daktari anataka laki moja na themanini ya kipimo, haraka sana.”

“Marahaba. Masikini! Mwanangu yupi, mwalimu?”

“Huyu… huyu mkubwa.”

“Yuko darasa la ngapi?”

“La sita, mzazi. Tafadhali, hali yake si nzuri.”

“Alhamdulillah, kumbe amerudi shule! Maana mara ya mwisho alikuwa mhasibu Morogoro, na mkewe amejifungua mapacha.”

Upande wa pili ukawa kimya. Shangazi hakumwachia.

“Na wewe mwanangu, zamu ya Jumapili unamlinda nani? Andalio la somo la kesho umeshaandika?”

Simu ikakatwa. Baada ya dakika chache ukaingia ujumbe: “Mama una dharau sana.” Shangazi akavaa miwani, akajibu: “Baada ya ‘Mama’ weka mkato. Tano kwa kumi.”

Tulicheka mpaka majirani wakachungulia. Lakini nilipomtazama vizuri niliona alichokuwa anakifanya. Tapeli alikuja na haraka, yeye akamjibu kwa maswali. Darasa la ngapi? Zamu gani? Silaha ya watu hawa ni ile “sasa hivi”, na mtu anayecheka hana haraka. Hata hivyo, sishauri kila mtu ajifanye msanii wa kuchezea matapeli. Wao hiyo ndiyo kazi yao, wewe una mboga jikoni. Ukizidisha maongezi mwisho unajikuta umemtajia jina la benki yako.

Kicheko hiki kina upande wake mbaya pia. Mama ntilie wa mtaani kwetu alipigiwa na kijana mwenye sauti ya huduma kwa wateja, akaambiwa kuna fedha zake zimezuiliwa, abonyeze hiki, abonyeze kile, mwisho aweke namba ya siri. Mtaji ukaondoka. Kijiweni wakamcheka wiki nzima: kaingizwa mkenge, kaliwa mchana kweupe. Matokeo yake, fundi cherehani aliyelizwa mwezi uliofuata hakumwambia mtu. Tulikuja kujua baadaye sana, wakati fedha zimeshatolewa na laini imeshatupwa. Tunamcheka aliyeibiwa, aliyeiba anaendelea kupiga simu bila bughudha.

Kama ni kucheka, tumcheke tapeli, kisha tumripoti. Hapa Tanzania ujumbe wa namna hiyo unapelekwa 15040. Aliyekwishatuma pesa awapigie watoa huduma wake papo hapo, kabla haijatolewa kwa wakala. Na ubonyeze *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza mwaka 2019 na wengi tulidhani mchezo umekwisha. Kumbe kuna mawakala wa barabarani wasio waaminifu: “Kidole chako kina jasho, mama, weka tena. Haijasoma, weka tena.” Mama wa watu anaondoka na laini moja, nyingine inabaki kwa wakala kwa jina lake, tayari kwenda kuwa mwalimu wa zamu.

Mwishowe tumefika mahali ambapo mkweli ndiye anayepata shida. Mzee mwenye nyumba wetu alipoteza simu, akanunua laini mpya, akawaandikia wapangaji: “Hii ndiyo namba yangu mpya, ile kodi itumwe hapa.” Jirani yangu wa chumba cha pembeni, ambaye alikuwa anadaiwa miezi mitatu, hakuwahi kuwa raia mwema kama siku hiyo. Alimjibu, “Tafuta kazi ya halali, mwizi wewe,” kisha akaipeleka namba ya mzee 15040.

Mzee alifika saa kumi na mbili asubuhi, mkataba mkononi. Jirani akafungua mlango nusu, akasalimia kwa adabu zote, halafu akamwomba kitambulisho.

“Samahani mzee wangu. Siku hizi lazima tuhakiki.”

Mzee alimtazama kwa muda mrefu bila kusema neno, akageuka akaondoka. Tangu siku hiyo hapokei kodi kwa simu. Inapelekwa mkononi, barazani kwake, mbele ya mkewe kama shahidi. Anazihesabu noti, kisha anainua moja moja juani na kuigeuza huku na huku, sisi tumesimama foleni. Ukimuuliza kulikoni, anasema siku hizi matapeli wamekuwa wengi.