Filamu Yenye Baraka

Sisi watu wa Zagayu, ambao siku ninazozisimulia tulikuwa katika wilaya ya Bariadi, ingali chini ya Mkoa wa Shinyanga, maana Mkoa wetu wa Simiyu haukuzaliwa mpaka mwaka 2012, tumelelewa juu ya ardhi iliyotandazwa kama mkeka, ambako mgeni huonekana angali mbali, hata mama akapata wasaa wa kuinjika sufuria, kusonga ugali na kuupakua, kabla ya kutambua kama ajaye ni yule tunayemdai au ni yule anayetudai. Mlima kwetu ni mawe yaliyopandana, ambayo mbuzi huyapanda kwa hiari yake na mwanadamu huyapanda kwa kumfuata mbuzi. Basi shemeji yangu, Msambaa aliyekuja kwetu kuwa bwana shamba wa pamba, akamwoa dada yangu kwa ng'ombe ambao hata leo anashikilia kuwa walihesabiwa mara mbili, alipokuwa akiketi uani kutusimulia habari za milima ya kwao Lushoto, tulimsikiliza kwa taadhima yote anayostahiki mkwe, na hatukumsadiki neno hata moja.

Mwezi wa Julai 1999, shemeji akiwa amekwisha kurejea kwao pamoja na dada, nilikwenda kuwazuru wakati wa likizo, nikiwa nimebeba kiroba cha michembe na ahadi niliyowapa walimu wenzangu kwamba nitarudi na milima hiyo katika picha, ili hoja ikatwe. Habari za siku mbili za basi sizielezi. Nitasema tu kwamba zile kilomita 33 za kupanda kutoka Mombo, ambako barabara hujipinda kama utumbo wa kondoo na dereva hupiga honi kabla ya kila kona kana kwamba anabisha hodi kwa malaika, nilizipita macho yangu yakiwa yamefumbwa, hata maporomoko ya Soni, ambayo kila abiria aliyasifu, mimi niliyasikia kwa masikio.

Shemeji alikuwa na kamera aina ya Zenit, ya Kirusi, nzito kama tofali bichi, akaniazima kwa moyo mkunjufu, akaninunulia na filamu ya picha 36, kisha akataka kunionyesha namna ya kuivisha. Nikamkatiza. Nikamwambia kwamba mimi ni mwalimu, na kwamba mtu aliyewafundisha watoto 90 katika darasa moja kutofautisha kitenzi na kielezi hashindwi na utepe wa plastiki. Nikaivisha mwenyewe, nikafunga kifuniko, nikavuta wenzo, nikasikia mlio, nikaridhika. Shemeji akanyamaza, na kunyamaza kwa shemeji ni jambo ambalo ningepaswa kulichunguza zaidi.

Asubuhi tukaondoka watu wanne: kijana mwongozaji wa wageni, mwenyeji wa huko na mwepesi wa miguu kama mbuzi niliowaacha kwetu; mume na mke wa Kijerumani, waliokuwa na lenzi ndefu kama michi ya kutwangia; na mimi, katika koti la shemeji. Wajerumani hawa walifurahi sana kuambiwa kwamba wakati wa utawala wa babu zao mji wa Lushoto uliitwa Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, na wakanitazama mimi kana kwamba nami ningependa kusema neno juu ya jambo hilo. Sikuwa na neno. Nilikuwa natafuta pumzi.

Katika msitu wa Magamba niliwapiga picha mbega juu ya miti, wenye mabega meupe kama mashekhe waliovaa majoho, nikapiga mizizi, nikapiga ukungu, nikampiga Mjerumani akimpiga mbega. Ndipo mwongozaji akaingiza mkono kichakani, akautoa ukiwa na kinyonga mwenye pembe mbili puani. Sasa, msomaji, sijui kwenu, lakini mimi nililelewa na bibi aliyeamini kwamba kinyonga haguswi, hasemwi, na akikatiza njia safari inaahirishwa. Kijana yule hakuwa na habari hiyo. Akasema, "Mzee wangu, huyu hana neno, ni mpole," akamweka juu ya kofia yangu. Nilihisi nyayo zake, ndogo na baridi, zikishika ukingo wa kofia moja baada ya nyingine bila haraka yoyote, kama mtu anayehesabu pesa ambazo si zake, kisha ncha ya mkia ikashuka ikaligusa sikio langu la kushoto. Niliyosema hapo niliyasema kwa Kisukuma, namshukuru Mola kwamba hakukuwa na wa kutafsiri. Mke wa Mjerumani akapiga picha.

Tulipotoka msituni namba ya picha ilikuwa imefika 29, na tulipokuwa tukiteremka mashambani, kati ya matuta ya kabichi na karoti yaliyobandikwa ubavuni mwa mlima kiasi kwamba mkulima akiteleza huvuna shamba la jirani, ikafika 36. Nikavuta wenzo kwa hadhari, nikitaraji kwamba utagoma. Haukugoma. Ukavutika kwa ulaini uleule, namba ikarudi kwenye sifuri, ikaanza upya moja, mbili, tatu. Nikakumbuka yale mafuta ya mjane wa Sarepta, ambayo hayakupungua chupani, nikasema moyoni kwamba kumbe Warusi nao wana mambo yao. Mjerumani, aliyekuwa akinitazama kwa muda mrefu, akaonyesha kigurudumu kilicho upande wa kushoto wa kamera, akasema maneno, na mwongozaji akafasiri: "Anasema hicho hapo kinatakiwa kuzunguka kila ukivuta." Nikajibu kwa upole kwamba cha Kirusi hakizunguki.

Katika kijiji cha Yoghoi tulimkuta bibi mmoja akitua mzigo wa kuni mlangoni pake. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi," akaitikia, "Marahaba, mwanangu, watoka wapi na koti la watu?" maana lilikuwa linaninyima pumzi mabegani. Nikamwomba ruhusa ya kumpiga picha. Akaniuliza jambo ambalo hakuna aliyeniuliza siku nzima: "Nami nitaiona lini?" Nikaapa kwamba itamfikia mkononi kwa njia ya shemeji. Akaingia ndani, akakaa huko mpaka Wajerumani wakaanza kutazama saa, akatoka akiwa amenawa uso, amevaa kanga mpya ambayo mikunjo ya dukani ilikuwa bado ikionekana, akaketi juu ya kigoda, akaweka mikono magotini, akaacha kupumua. Nilimpiga mara tatu.

Hatimaye tukafika kileleni Irente, ambako jabali limekatika ghafula na chini yake, mamia ya mita, nyika hutandazika mpaka macho yakachoka, ndivyo nilivyoelezwa. Sisi tulikuta ukungu. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi, zikiwa zimebeba maji, hugonga milima hii na kuyatua, na alasiri ile zilikuwa zimeyatua yote pale tulipokuwa tumesimama. Mwongozaji, ambaye hakupenda wageni wake wapate hasara, alinyoosha kidole ndani ya weupe ule akatuonyesha ilipo Mazinde, yalipo mashamba ya mkonge, inapopita reli. Nilipiga picha sita za kidole chake.

Jioni nikaipeleka kamera katika studio moja ya mjini, shemeji akiwa nami. Mwenye studio akaingia nayo katika chumba cha giza, na kabla hatujamaliza kusalimiana na waliokuwa barazani akatoka, kamera ikiwa wazi mkononi mwake. Ncha ya filamu ilikuwa imelala nje ya mkebe wake, haijashikwa na jino lolote, imelegea kama ulimi wa ndama mgonjwa. Nilikuwa nimepiga picha 54, na zote zilipigwa mahali pamoja pale pale. Akaniuliza, kwa heshima ambayo iliniumiza kuliko kicheko, kama nitapenda kuitumia filamu ile ile. Shemeji hakusema neno. Alifunga tena kamba za viatu vyake, ambazo hazikuwa zimefunguka.

Mwezi wa Oktoba barua ilifika shuleni kutoka Ujerumani. Ndani yake mlikuwa na picha moja ya rangi, safi kabisa: kofia yangu, kinyonga juu yake akiwa ametulia kama diwani, na chini yao mdomo wangu, ambao daktari wa meno angeweza kufanyia kazi bila kunisumbua. Mwalimu mkuu aliibandika ofisini kama ushahidi wa milima ya Lushoto, ingawa hakuna mlima unaoonekana.

Ile filamu nilimwachia shemeji. Nilimsihi aivishe mwenyewe, nilikuwa nimekwisha kujifunza adabu, apande mpaka Yoghoi, na picha ya kwanza iwe ya yule bibi. Aliandika baadaye kwamba bibi alimweka mlangoni muda mrefu zaidi ya alioniweka mimi, kisha akatoka na kanga ile ile, ikiwa imefuliwa mara moja. Nakala moja aliniletea mimi, nami ninayo mpaka leo: bibi ameketi juu ya kigoda, mikono magotini, hapumui, na nyuma yake, kwa kuwa siku hiyo ukungu haukuja, milima yote ipo.