Heko kwa Geji Isiyokata Tamaa

Nimengoja kwa muda mrefu mtu mwenye hadhi ajitokeze kuisifu geji ya petroli isiyotoka kiwandani, na kwa kuwa hajatokea, wajibu huu naubeba mwenyewe. Naizungumzia ile ya mviringo, yenye taa ya buluu, ambayo fundi wa Zombe, kaunti ya Kitui, huifunga kwenye usukani wa pikipiki kwa nyaya mbili na gundi. Mshale ukapanda hadi F, ukakaa hapo kwa uaminifu mpaka pikipiki iuzwe.

Kabla yake tuliishi maisha duni. Mwanabodaboda akitaka kujua hali ya tangi, alifungua kifuniko akachungulia, au aliitikisa pikipiki akasikiliza petroli ikichezacheza ndani. Ujuzi wa kienyeji kabisa, usiohitaji hata betri! Mafuta yakikatika njiani, aligeuza koki hadi rizavu, akafika aendako, bila tukio lolote la kusimulia.

Wako wenye husuda wanaonong'ona habari za boya la ndani ya tangi. Ati boya hupanda na kushuka na petroli, mkono wake ukabadilisha ukinzani wa umeme, na kila kiwanda kina vipimo vyake. Ati ukioanisha boya la huku na geji ya kule, mshale waweza kusoma kinyume, tangi likikauka wenyewe ukapanda hadi F. Hayo waachiwe walimu wa fizikia. Mimi nakumbuka kwamba mwaka 2023 VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, lita ya petroli ikapita shilingi 200. Ni nani mwingine nchini Kenya aliyeendelea kumhakikishia mwananchi kwamba amejaza? EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, hutangaza bei kila tarehe 14, watu wakanuna. Geji haijamnunisha mtu kituoni hata siku moja.

Fadhila zake huonekana vizuri zaidi kwenye njia ya kwenda Endau, saa saba mchana, penye mchanga. Injini inakohoa, inanyamaza. Mshale uko F. Kijana, kwa heshima ya chombo, hashuku tangi: anapiga kiki, anafungua plagi, anaipuliza, anaisugua kwa msasa, anapiga kiki tena. Hatimaye anailaza pikipiki kwa ubavu wa kushoto, polepole, ili matone yaliyojificha upande wa pili wa tangi yavuke kuja kwenye koki. Unyenyekevu wa namna hii haufundishwi shule yoyote ya udereva.

Nyanya, kwa Kikamba susu, aliyepakiwa na nusu gunia la ndengu naye hushuka, akapata mazoezi ambayo umri wake ulikuwa umemnyima.

"Kijana, si ulisema umejaza?"

"Susu, hebu angalia mshale mwenyewe."

Anaangalia. Hana hoja tena, wanasukuma pamoja. Mbele kidogo yuko mama muuza petroli ya chupa, na bei yake haimwogopi mtu wa EPRA. Riziki ya mama huyo nayo imetoka kwenye mshale.

Najua nawe, msomaji, unayo yako, hata kama mbele za watu unajifanya unatikisa tangi. Usione haya. Juzi fundi mmoja asiye na adabu alimwahidi jirani yangu kwamba kwa mia tatu tu angeirekebisha geji yake iseme kweli. Jirani alimpa mia nne aiache ilivyo.